Njia ya Waya Katika Ndege

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kitabu hiki mkononi afuate maneno kwa kidole pole pole. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne kwa herufi kubwa: WAYA, RODA, BAWA, MKIA. Yasomeni pamoja mara mbili, kisha tuanze.

(Nafasi ya kusoma ubaoni.)

Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Darasa moja la Chamazi, huko Temeke pembeni mwa jiji la Dar es Salaam, limetuletea swali. Wanafunzi wake huziona ndege ndogo zikipita angani, zile za kwenda Mafia na mbuga za kusini. Nao wanauliza: rubani ameketi mbele, mkia uko nyuma kabisa, mkono wake haufiki, basi anaugeuzaje? Na mwenzao mmoja, fundi wa pikipiki, ameongeza swali la pili. Amesikia kwamba wako watu wanaonunua ndege ya vipande ndani ya sanduku, wakaiunga wenyewe nyumbani. Yeye anataka kujua jinsi watu hao wanavyopitisha nyaya zake.

Nimelipenda swali la fundi huyu, maana sehemu kubwa ya jibu anayo mwenyewe mikononi.

Nenda leo jioni kwenye kijiwe cha bodaboda, pale Chamazi au Mbande, ukatazame pikipiki moja kwa makini. Upande wa mkono wa kushoto pana mshikio wa klachi. Dereva akiubana, kitu kingine kinafanya kazi mbali, huko chini kwenye injini. Mkono na injini vimeunganishwa na waya wa chuma uliofichwa ndani ya ganda. Upande wa kulia pana waya mwingine, wa mafuta. Na baiskeli nyingi zina waya wa breki namna hiyo hiyo.

Sasa muulize dereva maswali mawili. La kwanza: waya huu unaweza kusukuma? Atacheka. Waya huvuta tu. Ukiusukuma unapinda. Ndiyo sababu pikipiki ina springi ya kurudisha klachi mahali pake. La pili: je, waya wa mafuta ukipitishwa vibaya, ukabanwa karibu na usukani, inakuwaje? Hapo hatacheka. Atakuambia kwamba akikata kona, usukani unauvuta ule waya, na pikipiki inaunguruma yenyewe ingawa mkono wake haukuongeza mafuta. Kwa maneno mengine, waya ni mzima, mpya, umetoka dukani, lakini njia yake ni mbaya, na mtu anaweza kuingia chini ya lori kwa sababu hiyo.

Shikeni jambo hilo. Waya mzima katika njia mbaya ni hatari kama waya uliokatika, na pengine zaidi, kwa maana uliokatika utauona.

Ndege ya kwanza yenye injini iliyoruka na kuongozwa na mtu ilijengwa na watengenezaji wa baiskeli. Walikuwa ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, wenye duka la baiskeli katika mji wa Dayton. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao iliruka kwa sekunde 12, ikaenda mita 36 hivi. Ni mwendo mfupi kuliko uwanja wa mpira wa pale Chamazi. Mapanga yake yalizungushwa kwa minyororo ya namna ya baiskeli, na mabawa yake yalipindwa kwa nyaya. Rubani alilala kifudifudi, akausogeza mwili wake upande, na nyaya zikayavuta mabawa. Basi fundi wa baiskeli asijione mgeni katika habari hii.

Haya, tuitazame ndege yenyewe. Ndege ndogo huongozwa kwa vibao vinavyopanda na kushuka, au kwenda kushoto na kulia. Nyuma ya kila bawa, karibu na ncha, kuna kibao kimoja. Vibao hivi viwili huenda kinyume: kimoja kikipanda, mwenzake hushuka, na ndege inalala upande. Kwenye mkia kuna kibao cha kulala. Kikipanda, mkia unashuka na pua inainuka. Tena kuna kibao cha kusimama, ambacho watu wa pwani mtakitambua upesi, kwa kuwa ni usukani kama wa jahazi. Rubani ana fimbo mbele yake kwa ajili ya mabawa na kibao cha kulala, na pedali mbili miguuni kwa ajili ya usukani wa mkia.

Katika ndege kubwa za siku hizi nguvu ya kusogeza vibao hutoka kwenye mitambo ya mafuta na umeme. Lakini ndege nyingi ndogo hutumia nyaya hadi leo. Ile Cessna Caravan inayobeba abiria kumi na kitu kwenda Zanzibar na Mafia ina nyaya na roda ndani ya tumbo lake. Na kwa kuwa waya hausukumi, kila kibao hupewa nyaya mbili, mmoja wa kuvuta huku na mwingine wa kuvuta kule.

Waya wenyewe ni mwembamba kwa kushangaza. Unaotumika sana una unene wa milimita 3 na kidogo. Ukiukata na kuutazama mdomoni utaona umesukwa kwa nyuzi za chuma: vifundo 7, na kila kifundo kina nyuzi 19. Mwalimu, waachie wanafunzi wafanye hesabu hiyo ubaoni: 7 mara 19.

(Nafasi ya hesabu.)

Mmepata 133. Nyuzi hizo 133 pamoja zinaweza kubeba kilo 800 kabla ya kukatika. Zimesukwa nyingi na nyembamba ili waya uweze kupinda kwenye roda bila kuvunjika. Chuma kimoja kinene kingekuwa na nguvu, lakini kikikunjwa na kukunjuliwa mara elfu kingekatika.

Sasa tumfuate mtu anayejenga ndege ya vipande. Ana sanduku lake, ana michoro, ana mabati ya alumini na mabomba. Tumbo la ndege limesimama, mkia umewekwa. Leo anapitisha nyaya. Je, aanze wapi?

Aanze kwa kutafuta mstari ulionyoka. Waya unapenda kunyoka kama uzi wa fundi mwashi. Kila unapoupinda unaongeza msuguano, na rubani ataona fimbo ni nzito. Lakini ndani ya ndege kuna viti, kuna mbavu za chuma, kuna miguu ya watu, kuna bomba la mafuta. Haiwezekani kunyoka kote. Basi mahali pa kupinda huwekwa roda, lile gurudumu dogo lenye mfereji, ambalo mabaharia wetu wamelijua tangu zamani kwa kupandishia tanga. Roda iwe kubwa kiasi kilichoandikwa kwenye mchoro. Roda ndogo mno huukunja waya kwa ukali, na zile nyuzi huanza kukatika moja moja ndani ya mfereji, ambapo jicho halifiki.

Pale ambapo waya unapita kwenye ubavu wa ndege bila kupinda, hutobolewa tundu na kuwekwa pete ya plastiki ngumu ili waya usikwaruzane na bati. Wajenzi wengi wapya hukosea hapa. Wanaona pete inateleza vizuri, wanaitumia kama roda, wanaupindisha waya hapo hapo. Pete si roda. Kanuni ya mafundi wa ndege ni kwamba pete isiupindishe waya zaidi ya nyuzi 3 za pembe. Kwa yule asiyejua pembe: katika urefu wa mita 1, waya usiende kando zaidi ya sentimita 5. Ukizidi hapo, weka roda.

Juu ya kila roda lazima pawe na kizuizi kidogo, pini au kipande cha bati, ili waya ukilegea usiruke nje ya mfereji. Ukiruka, utajibana kati ya roda na kitako chake, na fimbo ya rubani itagoma. Kizuizi hiki ni kitu cha senti chache. Kukisahau ni rahisi sana, kwa kuwa nyaya zikiwa zimekazwa chini gereji kila kitu kinaonekana sawa.

Mbona basi waya ulegee? Kwa sababu ya joto na baridi. Tumbo la ndege ni alumini, waya ni chuma. Vyote hutanuka kwa joto, lakini alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndege ikikaa juani Dar es Salaam mchana, mwili wake unarefuka kuliko waya, na waya unakazika. Ikipanda juu kwenye baridi, au ikilala usiku Njombe mwezi wa Julai, mwili unafupika na waya unalegea. Kwa waya wa mita 4, tofauti ya joto ya digrii 20 huleta karibu milimita 1. Utasema milimita 1 ni nini? Katika waya uliokazwa ni nyingi. Kwa hiyo mjenzi hukaza waya kwa kiasi kilichoandikwa, akipima kwa kipimo chake, na kuangalia joto la siku hiyo. Ukazaji hufanywa kwa kikazio chenye skrubu mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Ukikizungusha katikati, pande zote mbili zinavutwa ndani. Kisha hufungwa kwa waya mwembamba ili mtikisiko wa injini usikizungushe tena.

Sasa tumefika mahali pagumu, nami naomba msisinzie.

Mjenzi akitazama mchoro wa ndege nyingi ndogo, ataona nyaya mbili za kibao cha kulala zimekatana katikati ya tumbo, kama herufi X. Mtu asiyejua atasema, aliyechora amekosea, mimi nitazinyoosha. Ndugu zangu, asizinyooshe! Ngojeni tuone kwa nini.

Mwalimu, chukua ubao mmoja na kijiti cha urefu wa shubiri mbili. Upande wa kushoto wa ubao ndio pua ya ndege, upande wa kulia ndio mkia. Karibu na pua, kipigilie kijiti msumari mmoja katikati, kisimame wima, lakini kiweze kuyumba. Hiyo ndiyo fimbo ya rubani, na mkono wake uko juu. Karibu na mkia, pigilia kijiti kifupi kwa namna hiyo hiyo, na nyuma yake gundisha kipande cha karatasi ngumu. Hicho ndicho kibao cha mkia. Sasa funga uzi kutoka juu ya fimbo hadi juu ya kijiti kifupi, na uzi wa pili kutoka chini ya fimbo hadi chini ya kijiti kifupi. Nyuzi zimenyooka, zinapendeza. Vuta fimbo kwa juu kuelekea mkiani, kama rubani anayetaka kupaa.

(Nafasi ya kujaribu.)

Karatasi imeshuka. Rubani ametaka kupanda, ndege imeinamisha pua chini! Kumbe fimbo imeshikwa katikati kwa msumari: juu ikirudi nyuma, chini yake inakwenda mbele, na uzi wa chini ndio unaovuta. Basi fungua nyuzi. Uzi wa chini ya fimbo uufunge juu ya kijiti cha mkia, na uzi wa juu uufunge chini. Zimekatana. Vuta tena. Karatasi imepanda, na pua itapanda.

Kwa hiyo ile X ina maana yake. Lakini nisiwadanganye: si kila ndege ina X. Nyingine zina wenzo katikati unaogeuza mwendo, na hapo nyaya hazikatani. Ndiyo maana haifai kusema, mimi nimeona ndege ya fulani ilikuwa hivi. Tazama mchoro wa ndege yako, usome maneno yaliyoandikwa kando yake. Na pale nyaya zinapokatana, ziachiwe nafasi zisigusane, maana chuma kwa chuma hulana.

Msidhani makosa haya ni ya watu wa gereji za nyumbani peke yao. Roy Chadwick wa Uingereza ndiye aliyebuni ndege ya vita iitwayo Lancaster. Tarehe 23 Agosti 1947 alipanda ndege nyingine aliyoibuni yeye mwenyewe, Avro Tudor, kwenda kuijaribu katika uwanja wa Woodford. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wameifanyia kazi, na nyaya za vibao vya mabawa zikafungwa kinyume. Rubani alipotaka kuinua bawa, lilizidi kushuka. Ndege ilianguka mara baada ya kuruka. Chadwick akafa, na rubani wake akafa.

Labda utasema hayo ni ya zamani. Tarehe 11 Novemba 2018 ndege ya abiria aina ya Embraer, ya shirika la Air Astana la Kazakhstan, ilitoka kwenye matengenezo karibu na Lisbon, Ureno. Nyaya za mabawa zilikuwa zimebadilishwa na kupitishwa njia isiyo yake. Ndani walikuwamo watu 6. Walipoacha ardhi tu, ndege ikaanza kupinduka huku na huku, ndani ya mawingu, rubani akisukuma kulia na ndege ikienda kushoto. Walihangaika hewani zaidi ya saa nzima kabla ya kufanikiwa kutua katika uwanja wa Beja. Walitoka wakiwa hai wote. Ndege ile ilikuwa na kompyuta na taa za kuonya, lakini kosa lilikuwa lile lile la 1947.

Na hapa kwetu tunayo kaburi juu ya ukingo wa Ngorongoro. Ni la Michael Grzimek, kijana Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia kama punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa peke yake hewani. Kwa maelezo yaliyotolewa baada ya uchunguzi, ndege iligongana na tumbusi, bawa la kulia likabonyea, na nyaya za kuongozea zikakwama. Yeye hakukosea kupitisha waya. Lakini mtaona jinsi nafasi ndogo ndani ya bawa ilivyo uhai: bati likibonyea kidogo na kuugusa waya, mkono wa rubani unakuwa bure.

Basi mjenzi wetu akimaliza, afanye majaribio, na asiyafanye peke yake. Mmoja aketi mahali pa rubani, mwingine asimame nje. Aliye ndani ashike fimbo, dole gumba likiwa juu, aipeleke kulia. Dole sasa linaelekea bawa la kulia. Aliye nje aseme kwa sauti anachokiona: "Kibao cha kulia kimepanda, cha kushoto kimeshuka." Dole huelekea kibao kilichopanda, hii ni kanuni rahisi ya marubani. Kisha avute nyuma: kibao cha mkia kipande. Akanyage pedali ya kushoto: usukani uende kushoto. Neno moja ni muhimu hapa. Aliye nje asiseme "sawa" au "vinacheza". Vile vilivyofungwa kinyume pia vinacheza, tena vinacheza vizuri sana! Aseme ni upande gani.

Halafu achukue kitambaa laini cha pamba, akizungushe kwenye waya na kukivuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kikinasa, hapo pana uzi uliokatika. Asitumie kidole kitupu, atachanjwa. Na asogeze fimbo mpaka mwisho wake kila upande, ili sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya roda itoke nje nayo ipanguswe. Fundi wa Chamazi, jambo hili unaweza kulifanya kwa waya wa klachi kesho asubuhi pale unapotoka kwenye ganda lake.

Fundi alitaka pia kujua kama mambo haya yanafanyika kwetu. Yanafanyika. Morogoro huunganishwa ndege ndogo za Skyleader, zenye asili ya Jamhuri ya Cheki. Na magazeti yamewahi kuandika habari za fundi wa Tunduma aliyejijengea helikopta. Lakini kujenga ni jambo moja na kuruka ni jingine. Ye yote anayetaka kuruka na chombo alichokijenga lazima kwanza aende Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wakikague. Watu wengine huiona sheria hii kama kumzuia fundi. Mimi naiona ni yule mtu wa pili anayesimama nje na kutazama vibao, na tena yeye hakukesha usiku kucha akizipitisha nyaya zile, kwa hiyo macho yake hayajachoka.

Kazi ya juma hili. Kila kundi la watu watano litengeneze ubao wa fimbo na mkia kama tulivyofanya. Mmoja wenu achore njia ya nyuzi kwenye karatasi na kuandika maneno manne: JUU, CHINI, MBELE, NYUMA, kila neno mahali pake. Kisha fungueni nyuzi zote, mpeni karatasi ile mtu wa kundi jingine ambaye hakuwapo mlipokuwa mkifanya kazi, mwacheni azifunge tena kwa kusoma tu, bila ninyi kumwambia neno. Mwalimu avute fimbo. Kama karatasi ya mkia imeshuka badala ya kupanda, tafuteni kwanza kama kosa liko katika kusoma au katika kuandika, mkaandike upya.

Kwaherini kwa leo.